Shafti ya Jaribio na Mtani Wangu Mngoni

Walionipeleka chuo cha ufundi nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu ni watu wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyekusudia. Wa kwanza ni mjomba wangu. Wa pili ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Majina yao nayaacha, na si kwa woga. Wakisoma hapa watajijua, na wakishindwa kusoma watasomewa na watoto wao.

Mjomba alinitoa shuleni nikiwa darasa la tano. Kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Baba anaweza kukohoa tu. Mke wa mjomba alikuwa amejifungua kule Narung'ombe, na palizi ya ufuta ilikuwa imefika, ikatakiwa mtu wa kumbeba mtoto. Mjomba akaja na baiskeli, akamwambia mama kwamba ni msimu huu tu, nikapakiwa. Yule mtoto niliyembeba siku hizi ana kitambi na pikipiki. Mimi darasa la sita sijaliona mpaka leo.

Shemeji alikuwa na mashine ya kusaga unga, kijiji kimoja cha upande wa Chinongwe. Mume wangu alipofariki, shemeji akaniweka kwenye mashine, niwasagie watu na kufagia. Sasa mashine ya kusaga ina mkanda mrefu unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kinu, na mkanda una kifuniko cha bati ili mtu asinaswe. Shemeji akakifungua kile kifuniko akakiondoa. Alisema kinachelewesha kazi, kwamba kila mkanda ukichomoka mtu anaanza kuhangaika na nati. Akakifanya mlango wa banda la kuku. Nilimwambia mara nyingi akirudishe, naye mara zote alinijibu kuwa nina woga kama wa kaka yake.

Siku moja mkanda ukavuta pembe ya khanga yangu. Nikapeleka mkono kuikomboa khanga. Mkanda ukachukua vidole viwili vya mkono wa kushoto, kile kidogo na jirani yake. Khanga ilipona.

Hospitali ya misheni walinishona vizuri, siwezi kuwasema. Shemeji alikuja kuniona na jogoo amemfunga miguu. Akakaa, akainamisha kichwa, akasema pole sana shemeji, mashine haina macho. Nikamwambia ni kweli haina macho, lakini kuku wako wana mlango mzuri. Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka nesi akaja kuuliza kama kuna mtu amezidiwa. Jogoo nilimla.

Watu walidhani baada ya pale nitakuwa naikimbia mashine hata nikisikia mlio wake kwa mbali. Kumbe mimi nilitaka kuijua. Kitu kikikula vidole, unapata hamu ya kujua kimeundwaje. Na mashine ya shemeji ilikuwa na ugonjwa mmoja usiopona: shafti yake, yaani ile nondo nene inayozungusha kinu, ilikuwa inalika pale inapokaa beari. Ikilika, mashine inatetemeka, inazimwa, shafti inafungwa kwenye boda inapelekwa mjini kuchongwa nyingine, na kijiji kizima kinarudi kwenye kinu na mchi. Nikawaza, kumbe bwana wa mashine si shemeji. Bwana wa mashine ni yule anayechonga shafti.

Basi tangazo likasomwa kanisani baada ya misa: chuo cha ufundi kule Nachingwea kinapokea watu wa umri wowote wanaojua kusoma na kuandika, kozi ya kukereza vyuma, yaani kuvichonga kwa mashine, pamoja na masomo ya jumla kwa wale ambao shule iliwaacha njiani. Mimi shule haikuniacha njiani, nilishushwa. Lakini sikubishana na tangazo. Nikapanga chumba nyuma ya soko la Nachingwea, nikahamia na godoro na sufuria.

Mratibu wa mafunzo alikuwa mtu wa Kagera, mpole, mwenye miwani aliyokuwa akiipandisha kwenye paji la uso kila alipotaka kufikiri. Aliuangalia mkono wangu wa kushoto akaipandisha. Akaniambia kwa adabu sana kwamba upande wa ushonaji kuna nafasi, na akina mama wengi wanafurahi kule.

"Mwalimu," nikamwambia, "ushonaji ndio unaotaka vidole. Sindano ni nyembamba. Chuma ni kinene, hata vitatu vinakishika."

Akacheka kidogo, lakini hakukubali moja kwa moja. Alisema atanipa muhula mmoja. Mwisho wa muhula nitachonga shafti ya jaribio, peke yangu, bila mtu kunigusia mashine. Beari ya chuo ikikaa sawasawa, nitaendelea na vyuma mpaka mwisho. Isipokaa, nahamia ushonaji bila maneno. Nikasema sawa. Nilitoka mle ofisini nikiwaza cherehani kama mtu anavyowaza jela.

Kwa asiyejua beari: ni ile pete ya chuma yenye gololi ndani, inayovishwa kwenye shafti ili shafti izunguke bila kusagika. Inatakiwa iingie kwa kugongwa taratibu na nyundo ya mbao. Ikikataa kabisa, shafti bado nene, unaweza kupunguza. Ikiingia yenyewe kwa kusukumwa na kidole, umeshapunguza mno, na shafti hiyo ni ya kutupa, maana chuma ukishakitoa hukirudishi.

Asubuhi ilikuwa ya masomo ya jumla. Hesabu tulifundishwa na binti ambaye ningeweza kumzaa. Yeye ananiita mama, mimi namwita mwalimu, tunaheshimiana. Kilichotugombanisha ni nukta. Alisema sifuri nukta tano ni kubwa kuliko sifuri nukta sifuri tisa. Nikakataa. Tisa nimeanza kuijua kabla yeye hajazaliwa, na haijawahi kuwa ndogo kuliko tano. Akafuta ubao, akaandika tena, nikakataa tena. Kesho yake akaja na muhogo mbichi na kisu. Akaukata vipande kumi, akasema hivi vitano ndiyo nukta tano. Halafu akachukua kipande kimoja tu, akakikata vijipande kumi vyembamba, akatenga tisa, akasema hii ndiyo nukta sifuri tisa, sasa mama chagua utakula upi. Nikachagua vile vitano, na nukta ikaniingia siku ileile. Darasa likaula muhogo wote. Wiki iliyofuata vijana wakawa wanaomba nukta irudiwe, kwamba hawajaielewa vizuri.

Kulikuwa na Kiingereza pia, cha majina ya vyuma na maonyo ya kwenye mashine, na somo la mawasiliano. Kwenye mawasiliano tukaambiwa tuandike barua ya malalamiko kwa mwajiri wa kubuni. Mimi sikuwa na haja ya kubuni. Niliandika kurasa mbili kuhusu kifuniko cha mkanda na banda la kuku. Mwalimu akanirudishia na wino mwekundu chini: hoja zimepangwa vizuri, matusi yaondolewe. Nikayaondoa, barua ikabaki nusu ukurasa.

Mchana ndiyo karakana, na huko ndiko alikokuwa mtani wangu.

Mwalimu wa karakana alikuwa Mngoni wa Songea, mtu mfupi, shingo nene, sauti ya kuita ng'ombe. Siku ya kwanza alituuliza mmoja mmoja tunatoka wapi. Nilipotaja kwetu Ruangwa akaniuliza kabila, nikamwambia Mmwera. Akapiga makofi, akawaambia wenzangu waangalie vizuri, leo amepata mtumwa. Tangu hapo hatukuambiana tena neno la heshima.

Kuna wageni wasioujua utani wetu. Wangoni walipigana na babu zetu zamani. Walipochoka wakapatana kwa mtindo huu: Mngoni na Mmwera waruhusiwe kutukanana mpaka dunia iishe na asiwepo wa kukasirika. Mtani wako akikuta kuku wako anakatiza, anamchinja, nawe unakaa naye kula. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kulala kwenye mkeka wa marehemu na kudai chai. Mtu anayeudhika na mtani wake anaonekana hakulelewa.

Kwa hiyo karakana yetu ilikuwa haina ukimya. Mimi nikikosea kufunga chuma kwenye taya za mashine, Mngoni anapaza sauti kwamba sisi Wamwera tulizoea kushika panya tu. Mimi namjibu kwamba babu yake alipofika kwetu alikuwa na njaa, tukamgawia huyo panya, akalamba na mkia. Yeye akichelewa kufungua mlango nasema pombe ya komoni ya Songea bado iko kichwani. Vijana wa darasani, wenye maneno yao ya redio za Dar, walikuwa wanasimamisha kazi. Walisema maza anachanwa kwa maneno, lakini maza naye anachana. Hata hivyo ndani ya matusi yale alikuwa ananifundisha kweli. Nilijifunza kushika usukani wa kupeleka kisu cha kukatia chuma kwa vidole vitatu na kiganja. Nilijifunza kuiacha khanga yangu nje, mlangoni, na kuingia na ovaroli iliyobana mikono. Hilo hakulifanyia utani hata siku moja. Siku aliyoniona nimeingia na kitambaa shingoni alizima mashine zote na kunitazama mpaka nikakitoa.

Siku ya jaribio ikafika, na joto lake la Novemba. Mota ya maji ya kupoza chuma ilikuwa imepelekwa kutengenezwa, tukawa tunakereza kavu. Mratibu alikaa kwenye kigoda pembeni, beari ya chuo iko juu ya meza kwenye kitambaa safi kama ekaristi. Vijana walikuwa wamesimama ukutani wakingoja zamu zao. Ilikuwa beari moja kwa wote.

Nilifunga chuma, nikaanza kupunguza. Vinyuzi vya chuma vikawa vinatoka vimejikunja, vya rangi ya bluu kwa moto. Nilipokaribia kipimo nikazima, nikajaribu beari. Ikakataa. Nikapunguza kidogo sana, nikajaribu. Ikakataa tena. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye kope. Mngoni akapita nyuma yangu mikono kiunoni.

"Subiri kipoe, Mmwera," akasema. "Au kwenu hata panya mnamla wa moto?"

Karakana ikacheka. Mimi nikamjibu hukohuko nilikoinama kwamba panya wa moto ni wa wenyeji, wageni tunawapa aliyepoa. Wakacheka zaidi. Nikawasha mashine nikapunguza tena, unene mdogo kuliko unywele, nikajaribu beari, na safari hii ikakaa ikabana. Nikawageukia na uso wa ushindi.

Mratibu hakuwa na haraka. Alikuwa anafuta miwani, kisha akaongea kidogo na mwalimu, kisha akaja. Kwa wakati huo wote shafti ilikuwa imelala mezani inapoa. Chuma kikiwa cha moto kinavimba, kikipoa kinajirudi. Nilifundishwa hilo, nililiandika hata kwenye daftari. Mratibu akaishika beari kwa vidole viwili, na beari ikateleza ikatoka yenyewe kama bangili kwenye mkono wa mtoto. Akairudisha, ikateleza. Akaipandisha miwani kwenye paji.

Nikaona cherehani waziwazi, mpaka ile pedali yake.

Na hapa namtaja mkosaji wa tatu, ambaye ni yule Mngoni. Angeniambia "mama, subiri kipoe" kwa sauti ya mwalimu, ningesubiri mpaka jioni. Lakini aliniambia na panya ndani, na maneno yenye panya kutoka kwa Mngoni huyafuati, unayajibu. Ndivyo nilivyolelewa. Kosa nusu langu, nusu lake, na nusu yangu ni ile ndogo.

Yeye mwenyewe ndiye aliyekiri. Alimsogelea mratibu, sauti yake ya ng'ombe imepungua, akasema huyu mama alionywa, ila onyo lilikuwa na kasoro.

"Ulimwonyaje?" mratibu akauliza.

"Nilimwambia asubiri kipoe."

"Kwa maneno hayohayo?"

Mngoni akatazama sakafu. Vijana wakatazama dari. "Kulikuwa na habari ya panya," akasema.

Mratibu alituangalia wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Nilitegemea atufokee. Badala yake akasema kwamba na kwao Kagera watani wapo, na kwamba mtani wa baba yake angekuja kumwambia nyumba inaungua, baba yake angemwambia akae kwanza anywe kahawa. Akaamua hivi. Baada ya chakula nitapewa chuma kingine, cha mwisho, na hicho kikiharibika hakuna tena wa kulaumiwa. Mwalimu wa karakana atasimama nje ya mlango na hatafungua mdomo. Na kuanzia leo mashine ikiwa inazunguka, utani ubaki nje pamoja na khanga.

Chakula sikukiweza. Ugali wangu aliuchukua Mngoni bila kuomba, nikamwacha.

Mchana karakana ilikuwa kimya hadi nikawa nasikia mikanda ya mashine ikipumua. Sikujua kwamba zile kelele za Mngoni zilikuwa zinanisaidia. Sasa nilikuwa peke yangu na chuma, na kila nilipoinua macho nilimwona Mngoni mlangoni, jua linampiga kichwani, midomo inamcheza kama mtu anayekula ubuyu. Nilipunguza, nikapunguza. Nikafika karibu na kipimo, nikazima, nikajaribu beari. Ikakataa, vilevile kama asubuhi.

Nikaiweka beari mezani. Nikarudi nyuma, nikafumbata mikono mbele ya ovaroli, nikasimama.

Mratibu akauliza kama nimemaliza. Nikasema bado, nasubiri kipoe. Akauliza nitajuaje kimepoa. Nikamwambia nasali rozari, fungu moja kwa kuanzia. Akaitikia kwa kichwa kama vile jambo hilo limeandikwa kwenye mtaala. Nikasali polepole, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa unataka kuwasha ile mashine wenyewe. Kijana mmoja ukutani akaanza kucheka, mwenzake akamkanyaga mguu. Fungu lilipokwisha nikakigusa chuma kwa mgongo wa mkono, bado kilikuwa na uvuguvugu, nikaanza jingine.

Kilipokuwa baridi kama ukuta nikaijaribu beari. Iliingia mdomo tu, ikagoma. Nikajua sasa inasema kweli, si moto unaosema. Sikurudi kwenye kisu. Nikachukua msasa laini, nikapitisha kidogo huku shafti inazunguka taratibu, nikazima, nikasubiri tena, nikaifuta, nikaivisha beari. Nikaomba nyundo ya mbao. Nikagonga kidogo upande huu, kidogo upande ule, na beari ikawa inashuka kwa shida, kwa heshima, mpaka ikafika kwenye bega la shafti, pale inaponenepa, ikalia kwa sauti nzito, na kila fundi anajua sauti hiyo.

Mratibu akaja. Akaishika kwa vidole viwili, haikutikisika. Akaishika kwa mkono mzima, akavuta, shingo ikamvimba. Akaiweka chini, akajifuta mikono kwa leso.

"Haya," akasema. "Kesho saa mbili, mashine hiihii."

Mngoni bado alikuwa mlangoni. Akauliza kama sasa anaruhusiwa kusema, mratibu akamruhusu. Akaingia, akaichukua shafti, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kucha pale nilipochonga. Nilikuwa nimeshaandaa jibu la panya, lipo ulimini kabisa.

"Hongera, mama," akasema.

Nilimwuliza kama anaumwa. Vijana wakacheka kicheko walichokizuia mchana kutwa, na mimi ikabidi nigeuke upande wa dirisha nijifanye natafuta kitambaa cha kufutia, maana Mngoni kunipa heshima mbele za watu sikuwa nimejiandaa nayo.

Hapo ndipo kijana aliyekuwa na zamu baada yangu akauliza yeye atapimwa kwa beari gani. Tukatazamana. Ilikuwa ileile moja, na ilikuwa kwenye shafti yangu. Mngoni akajaribu kuitoa kwa mkono, ikakataa. Akaleta kile chombo cha kuvutia beari chenye makucha matatu, kikateleza. Mratibu akavua koti, akashika upande wa pili wa shafti, Mngoni akakaza makucha upya, wote wawili wakaegemea, wakawa wanahema na kulaumiana, mmoja anasema vuta, mwingine anasema si ndiyo navuta.

Kigoda cha mratibu kilikuwa wazi. Nikakivuta, nikakaa, nikawaangalia. Sikuwasaidia.